Usiipige Rangi Kabla Haijanguruma

Ndugu msomaji, naanza na ugomvi, maana uhakiki usio na ugomvi hugeuka kuwa salamu za harusi.

Nimekaa kwenye vikao vyetu vya kusomeana hadithi kwa miaka kadhaa sasa. Mtu anasoma kazi yake huku karatasi ikimtetemeka mkononi, akimaliza tunaanza. Mmoja atasema jina la hadithi halijakaa vizuri. Mwingine atasema aya ya kwanza ni ndefu. Wa tatu atamshika kwenye tahajia na alama za mkato mpaka jasho limtoke, na mara nyingi huyo wa tatu nilikuwa mimi. Kisha tunampa mkono, tunakunywa chai, tunatawanyika. Hakuna aliyeuliza kama hadithi inawaka. Tumelipiga tangi rangi, injini hatukuigusa.

Nasema hivyo kwa sababu kosa hilo nimelifanya kwa mikono yangu miwili. Mara ya kwanza nililifanya juu ya hadithi ya mtu, mara ya pili juu ya pikipiki. La pikipiki ndilo lililonifumbua macho, kwa hiyo naomba niihakiki pikipiki kwanza. Ukiona nazunguka, vumilia kidogo. Cheni ni ndefu lakini inafika kwenye gurudumu.

Pikipiki yenyewe ni BSA Bantam, ile ya kwanza kabisa katika ukoo wake, inayoitwa D1. Ilikuwa ya babu mzaa mama. Aliinunua miaka ya 1950 alipokuwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Tanga, enzi ambazo mkonge ndio uliokuwa dhahabu ya Tanganyika. Babu alipofariki ikabaki stoo kwa mjomba, imelaliwa na magunia, kuku wakitagia kwenye kiti. Siku moja mjomba akaniambia, "Ichukue mwanangu, hapa inakula kutu tu." Nikaipakia kwenye lori, ikafika Dar, nikaiweka uani kwetu Magomeni kati ya karo la kufulia na ukuta wa jirani. Hiyo ndiyo ilikuwa gereji yangu: turubai juu, boksi la spana, bisibisi mbili, nyundo, msasa, na taa ya waya mrefu kutoka dirishani.

Kwa mtu asiyeijua, Bantam ni pikipiki ndogo na nyepesi. Injini yake ni ya ujazo wa sentimita 123 na ina gia tatu. Ni ya mipigo miwili, ile ambayo mafuta ya injini unayachanganya na petroli humo humo ndani ya tangi. Zile za mwanzo nyuma hazina springi wala shokapu, kwa hiyo kila shimo la barabarani linapanda moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo wa dereva. Nembo yake kwenye tangi ni jogoo, maana jina lenyewe ni la kuku wa aina ya wadogo. Huko Uingereza vijana wa posta waliitumia kupelekea simu za maandishi. Ilianza kuuzwa mwaka 1948 na ikaendelea kutengenezwa, ikibadilishwa hapa na pale, hadi 1971.

Sasa hapa pana kisa ambacho kila kijana anayetaka kuandika angekijua mapema. Bantam haikubuniwa na Waingereza. Ni Mjerumani. Kiwanda cha DKW kilichokuwa Zschopau kilikuwa na pikipiki iitwayo RT 125, iliyotoka mwaka 1939, kazi ya mhandisi Hermann Weber. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, washindi wakachukua michoro ya Wajerumani kama sehemu ya fidia, na michoro ya RT 125 ikasambaa duniani kama wimbo mzuri. Warusi wakatengeneza ya kwao, wakaiita Moskva. Wamarekani wakatengeneza ya kwao chini ya jina la Harley-Davidson. BSA, kampuni iliyoanza kwa kutengeneza bunduki, ikatoa Bantam. Wajapani nao wakaitazama vizuri, na mwaka 1955 ikatoka pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, YA-1, ambayo ukiiweka pembeni ya RT 125 hutahitaji mtu akuambie nani mzazi wa nani.

Lakini tazama walichofanya Waingereza. Pikipiki ya Kijerumani gia yake ilikuwa upande wa kushoto. Dereva wa Kiingereza wa siku zile alizoea gia ya kulia. Basi wale mafundi wa Birmingham waliigeuza injini nzima kama sura ndani ya kioo, kulia kukawa kushoto na kushoto kukawa kulia, ili mguu wa mpandaji usipotee. Mimi nikiona vile naona tafsiri. Mfasiri mbaya angeacha gia ilipokuwa, halafu amlaumu msomaji kwa kutojua kupanda. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar mwaka 1963, na bado hakutosheka nayo. Akaifungua tena, akaitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Hata jina lenyewe alilipeleka fundi! Rais wa nchi, kazi zimemjaa mezani, anarudi kukaza nati ya kitabu ambacho tayari kilikuwa dukani. Sisi hadithi ya kurasa nne ikishachapwa mara moja tunaona tumemaliza.

Na wale wanaotuambia kila siku kwamba kazi zetu si za asili kwa sababu zinanukia Kezilahabi au Shaaban Robert, nao nawaomba waitazame hiyo YA-1. Kuanza kwa kunakili hakujawahi kumuua fundi. Kinachomuua ni kubaki hapo hapo, miaka inapita na gia bado ipo upande wa mwenye nayo.

Turudi uani. Mimi nilikuwa nimeingiwa na ugonjwa wa neno hilo hilo, "asili". Nilipata picha ya Bantam kutoka kitabu cha Kiingereza, rangi yake kijani kilichopauka kama ukungu wa asubuhi, tangi likiwa na madoa makubwa ya rangi ya maziwa ubavuni. Ya babu ilikuwa nyeusi, imepakwa kwa brashi, michirizi ya nywele za brashi ikionekana. Nikaapa kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Huko Ulaya kuna mashindano kabisa ya mambo hayo, waamuzi wanazunguka pikipiki na karatasi mkononi, nati isiyo ya kiwandani inakupunguzia maksi. Nikajiona nami nasimama mbele ya waamuzi hao, katikati ya Magomeni.

Basi nikaanza na nini? Tangi. Injini ilikuwa imekamata, pistoni haipandi haishuki, nikaiacha imelala kwenye ndoo ya dizeli ilainike, nikasema hayo ya ndani yatasubiri. Kwa miezi mitatu nilipiga msasa. Kila jioni nikitoka kazini nasugua mpaka alama za vidole zinafutika. Na katika kusugua huko nilikutana na makosa mengi, au niliyoyaita makosa.

Chini ya tangi, upande wa kulia, palikuwa na kiraka cha shaba, ukubwa wa boksi la kiberiti, kimelehemiwa kwa risasi na kingo zake zimepigwa nyundo zikalala. Nikakibandua kwa moto. Chini yake palikuwa na tundu dogo na ufa wa kama nusu kidole, nikauziba kwa puti. Kikanyagio cha kushoto hakikuwa cha BSA, kilikuwa kipande cha bomba la maji, ncha yake imezibwa kwa mti. Nikakitupa kwenye boksi la takataka, nikaagiza kingine kutoka Uingereza kwa bei ambayo sikumwambia mtu nyumbani. Kiti kilikuwa kimeshonwa upya kwa turubai kwa uzi wa mkonge. Nikakivua. Kwenye kisanduku cha spana palikuwa na herufi mbili za jina la babu, zimekwaruzwa kwa msumari. Hizo nazo nikazipitishia msasa, namba mbili, kisha namba laini, mpaka zikatoweka.

Nilipomaliza kupuliza rangi, majirani walikuja kutazama. Kwa kweli iling'aa. Watoto walijiangalia meno kwenye tangi.

Mjomba alikuja Dar mwezi uliofuata kwa ajili ya macho yake, hospitali. Nilimngojea kwa hamu kama mwanafunzi anayengoja matokeo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Haya, nionyeshe hiyo kazi."

Nikavuta turubai. Mzee akaizunguka polepole, akainama, akapapasa chini ya tangi kwa kidole kwa sababu macho yalikuwa yanamsumbua. Akapapasa tena. Kisha akaniuliza, "Hii umeinunua wapi?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania. Yeye hakucheka.

"Ile ya baba iko wapi?"

Ndipo akanieleza. Babu alianguka na pikipiki ile darajani usiku wa mvua, tangi likagonga jiwe. Aliyekibandika kile kiraka alikuwa fundi wa mitambo ya shamba, na kile kipande cha shaba kilitoka kwenye bomba la mtambo. Mjomba alikuwa mtoto wa miaka tisa, ndiye aliyeshika taa. Alishika taa usiku mzima, mkono ukafa ganzi, na tangu siku hiyo kila alipopanda nyuma ya baba yake alikuwa akikipapasa kiraka kile kwa kidole cha mguu, kujua tu kwamba kipo. Alieleza bila hasira. Akanywa chai yake, akaniambia rangi imekaa vizuri, akaenda kulala.

Ndugu msomaji, huo ndio uhakiki mkali kuliko wote niliowahi kupewa, nao haukutaja nukta wala mkato.

Siku tatu baadaye nikatia petroli kwenye tangi kwa mara ya kwanza. Asubuhi nikakuta rangi ya upande wa kulia imefura malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto. Petroli ilikuwa imepenya kwenye ufa, ikala puti, ikaingia chini ya rangi, na dimbwi dogo lilikuwa sakafuni likinukia. Kumbe kiraka nilichokiita kosa ndicho kilichokuwa kinashika mafuta kwa zaidi ya miaka 50. Miezi mitatu ya msasa ikaondoka kwa usiku mmoja.

Katika siku zile za kununa nikarudi kwenye kitabu ambacho wengi wetu tumewahi kukisikia na wachache tumekimaliza, Zen and the Art of Motorcycle Maintenance cha Mmarekani Robert Pirsig. Kilitoka mwaka 1974 baada ya kukataliwa na wachapishaji 121, namba ambayo ingefaa ibandikwe ukutani kwenye kila chumba cha kijana mwenye mswada. Ni hadithi ya baba anayesafiri na mwanawe kwa pikipiki kutoka Minnesota hadi California, safari ambayo Pirsig mwenyewe aliifanya mwaka 1968 kwa Honda ya sentimita 305. Njiani anatufundisha juu ya ubora, juu ya akili ya Wagiriki wa kale, na juu ya kukaza nati kwa moyo uliotulia. Mwenyewe anaonya mwanzoni kwamba kitabu chake si mwongozo wa pikipiki wala wa dini ya Zen. Kweli si mwongozo, lakini kuna tukio moja humo ambalo fundi yeyote wa Gerezani angelielewa bila mkalimani.

Rafiki wa msimulizi, John, ana BMW mpya ya bei mbaya. Usukani wake umelegea kwenye kishikio. Msimulizi anamwambia, hiyo ni rahisi, tukate kipande cha bati laini la kopo la bia tukipachike hapo, itakaza. John anachukia. BMW yake itiwe kopo la bia! Msimulizi anashangaa, kwa sababu yeye anaona chuma kinachofaa kwa kazi hiyo, John anaona takataka.

Nilipokisoma mara ya kwanza, zamani, nilikuwa upande wa msimulizi, nikamcheka John. Mara hii nilijikuta mimi ndiye John. Na nadhani hapo ndipo Pirsig anapotuacha sisi wa huku njiani. Yeye anaandika kwa ajili ya watu waliozoea kununua kipya, wanaohitaji kufundishwa kwamba kopo la bia nalo ni spea. Sisi tumezaliwa ndani ya kopo hilo. Gasketi zetu tunakata kwenye boksi, ndala zetu tunashona kwa waya, na tunaishi kwa kuyaonea aibu hayo yote. Nilipokuwa naibandua ile shaba, msasa ulikuwa unasugua aibu yangu zaidi ya kutu: aibu ya babu aliyeshindwa kuagiza tangi jipya, aibu ya bomba la maji. Nilitaka pikipiki isiyowahi kukaa Tanganyika.

Jambo la pili ninalomdai Pirsig ni gumu zaidi. Baba yule ana subira ya ajabu mbele ya skrubu iliyokwama. Anaandika kurasa na kurasa juu ya kutulia, kutazama, kutolazimisha. Lakini mwanawe Chris amekaa nyuma yake safari karibu nzima akiona mgongo tu, analia, anaumwa tumbo, na baba hajui aishike wapi spana ya mtoto. Kitabu kinalijua hilo, na ndiyo maana mwisho wake unauma. Somo ninalolichukua ni kwamba mtu anaweza kuwa bingwa wa chuma na bado asimwone aliyepanda nyuma yake. Honda ile leo ipo makumbusho, Washington, inatazamwa na watu. Chris aliuawa San Francisco mwaka 1979. Sioni namna ya kukisoma kitabu kile bila kuviweka hivyo viwili pamoja.

Na sasa nafika kwa yule aliyekaa nyuma yangu.

Miaka ya nyuma rafiki yangu aliniletea hadithi yake ya kwanza tuiingize katika jarida letu dogo, lile tuliloanzisha kwa kuchangishana nauli za daladala. Aliiandika kwa Kiswahili cha kwao, chenye maneno ya kijijini, sentensi zikianza katikati, bibi mmoja akiongea kurasa mbili bila nukta. Mimi ndiye niliyekuwa mhariri. Nikaipiga msasa. Maneno ya kwao nikayabadilisha kuwa sanifu. Yule bibi nikamkata vipande vipande, nikamtia nukta kila mstari wa pili. Mwisho wake, uliokuwa umekatika ghafla, nikauziba kwa aya yangu mwenyewe. Ikang'aa. Wasomaji wawili waliandika kuisifu. Rafiki yangu alipokea nakala yake, akasoma amesimama, akasema, "Asante." Hakuleta nyingine. Nilidhani kipaji kimemkauka, na niliwahi kusema hivyo mbele za watu.

Ile "asante" na lile swali la mjomba ni kitu kimoja. Ilinichukua tangi kutoboka kuligundua hilo.

Wahariri wa mashairi yetu ya kale wanalijua tatizo hili vizuri. Muyaka wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yalikusanywa baadaye na Mwalimu Sikujua na Mwingereza Taylor, na Hichens akayatoa kama diwani mwaka 1940. Sasa fikiria mhariri mwenye msasa kama wangu. Anakuta Kimvita, anakuta "mato" badala ya "macho", "nti" badala ya "nchi", anasema ngoja nimsaidie mzee aeleweke. Hebu jaribu mwenyewe. Weka "macho" pale ambapo kina ni "to", ubeti mzima unavuja. Lile uliloliona kosa ndilo lililokuwa linashika mafuta. Kwa bahati diwani ile ilibaki na Kimvita chake, na anayetaka kuisoma ajifunze Kimvita, kama dereva anavyojifunza gia.

Msije mkanielewa vibaya. Sisemi kila kiraka kiachwe. Wapo vijana wenzangu watakaoshangilia hapa, waseme basi mhariri asiguse kitu, makosa yangu ndiyo sauti yangu. Hapana bwana! Kutu si kumbukumbu. Kutu ni kutu, inakula chuma na kesho haipo pikipiki. Breki za babu zilikuwa zimekwisha kabisa, nilizibadilisha bila machozi. Neno lililoandikwa vibaya kwa uvivu ni breki iliyokwisha, badilisha. Ugumu upo kwenye kutofautisha, na huwezi kutofautisha kwa kutazama kwa nje. Lazima uiwashe kwanza.

Hilo alinifundisha fundi mmoja wa Gerezani niliyempelekea injini hatimaye, imefungwa kwenye kiroba. Akaniuliza pikipiki yenyewe imefikia wapi. Nikamwambia nimeshapiga rangi. Akanitazama kama ninayevaa suti kabla ya kuoga. "Umepiga rangi kabla haijanguruma? Sasa ulijuaje inataka nini?"

Dizeli ilikuwa imefanya kazi yake, pistoni ikatoka kwa kugongwa na mti taratibu. Silinda ilikuwa na michubuko, ikaenda kwa mtu mwenye mashine ya kukereza, ikapanuliwa kidogo, tukatafuta pistoni ya saizi ya juu na ringi zake. Kabureta tukaiosha. Plagi ikatoa cheche nzuri ya bluu. Tukapiga kiki mpaka goti likaniuma, kimya. Mimi kwa akili yangu ya nje nikataka kununua kabureta mpya. Fundi akakataa. Akanieleza kwamba injini ya mipigo miwili inatumia tumbo lake la chini kama pampu: pistoni ikipanda inavuta hewa na petroli humo, ikishuka inaisukuma juu. Sili za shafti zikichoka, tumbo linavuta hewa ya pembeni, na hata ukiweka kabureta ya dhahabu haitawaka. Sili zile hazionekani. Ili uzione lazima utoe magneti, utoe klachi, ufike ndani kabisa. Tukafika. Zilikuwa zimekauka kama ganda la muhogo. Tukapata nyingine kwa kupima kipenyo, si kwa kutaja jina. Gasketi alikata mwenyewe kwenye boksi gumu, akiliweka juu ya chuma na kuligonga kwa nyundo ndogo ukingoni mpaka umbo likajikata.

Hadithi ngapi nimewahi kuzihukumu kwa kabureta, na ugonjwa ulikuwa kwenye sili? Tunasema lugha yake haivutii, kumbe mwandishi hajaamua nani anasimulia, na pumzi yote inatokea pembeni. Rangi haiwezi kutibu hilo. Hata methali haziwezi.

Tangi tulilijaza maji kwanza, kwa sababu tangi lililowahi kuwa na petroli ukilitia moto likiwa tupu ni bomu. Kiraka cha shaba sikuwa nimekitupa, kwa bahati kilikuwa kwenye kopo la misumari. Fundi akakilehemu pale pale kilipokuwa, kingo zikalala. Rangi ya sehemu ile sikuirudishia. Bomba la maji nililitafuta kwenye boksi la takataka nikalikuta, nimelifunga tena mahali pake, na kile kikanyagio cha Uingereza nimekiuza kwa hasara. Herufi mbili za babu hazikurudi. Nilifikiria kuzikwaruza upya kwa msumari, nikashika na msumari wenyewe, nikauweka chini. Mkono wangu ungekuwa unadanganya.

Ilinguruma Jumamosi moja saa kumi jioni, kwa kiki ya nne. Moshi wa bluu ukajaa uani, mama akafunga madirisha huku akinitukana kwa upendo. Nilimpigia mjomba simu, nikaiweka karibu na bomba la moshi. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Gia ya kwanza ulitie polepole, huwa inagoma."

Mswada wa rafiki yangu ninao. Ule wa kwanza, wa mkono, wenye bibi asiyemeza mate. Niliutafuta kwenye makabati yetu ya jarida, na kalamu yangu nyekundu imeujaza kama upele. Nimeunakili upya kama alivyouandika, neno kwa neno, bila aya yangu ya mwisho, na katika kuunakili ndipo nilipogundua kwa nini bibi haweki nukta: anaogopa akinyamaza watamwondoa nyumbani. Lilikuwa wazi pale muda wote. Wiki hii nampelekea mwenyewe, kwa pikipiki. Sijui atanipokeaje, na hana deni la kunipokea.

Wenzangu wa kikao, Jumapili tukikutana naomba tuanze na swali moja kabla ya tahajia. Tumwulize msomaji wa siku hiyo: hapa palipobandikwa, palitokea nini?